Mgonjwa Hana Malalamiko

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Matroni wetu, madaktari na wauguzi wenzangu, wapishi, madereva na ninyi mnaosafisha wodi kabla sisi hatujafika, mume wangu na wanangu mliokaa pale nyuma: nawasalimu nyote.

Nashukuru kwa saa ya ukutani. Miaka thelathini na moja mmenikimbiza na saa, leo naondoka ndiyo mnanipa ya kwangu! Haya, chekeni sasa hivi, maana nina jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa leo nitastaafu nalo.

Mnakumbuka mwaka juzi nilichukua likizo nikasafiri peke yangu wiki nne? Mlisema Mama Zamu kaenda kula raha. Raha gani, jamani? Nilikwenda ng'ambo kusoma Kihispania. Nilikaa dawati la mbele kati ya vijana wanaolingana na kitinda mimba wangu, ulimi mzito, mwalimu ananisahihisha mbele ya wote, na jioni kwenye chumba cha kupanga nikawa najisemea mbele ya kioo. Nilikuwa na sentensi tatu za kuomba radhi nilizozitaka kuliko zote, na hizo nilizirudia kila usiku.

Kwa nini? Kwa sababu ya mke wa yule fundi mgeni wa daraja, aliyesema Kihispania tupu. Wakongwe wa wodi ya wazazi mnamkumbuka. Aliletwa asubuhi na dereva, mumewe yuko kazini, mimba ya miezi minane, lugha yetu hajui hata neno. Alinishika mkono akasema, akasema, akasema. Mimi nikatabasamu, nikampigapiga begani: "Pole mama, tulia." Nikampima presha na joto. Mapigo ya moyo wa mtoto sikuyasikiliza. Wodi ilikuwa imejaa, nami nilishaandika kwenye faili yale maneno tunayoyaandika kila siku bila kufikiri: Mgonjwa hana malalamiko. Saa tisa alasiri mtoto alizaliwa amekufa.

Hakuna aliyeniuliza. Nani angeuliza, wakati mwandiko wangu umeshasema hakuna tatizo?

Anwani ya kwao niliinakili kutoka kwenye faili. Matroni, hilo nalo ni kosa, liandike. Wiki ya nne nikapiga moyo konde, nikapanda basi, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikagonga. Alifungua mwenyewe. Alinitambua kabla sijafungua kinywa, na zile sentensi tatu zikanitoka kichwani zote! Akaingia ndani, akarudi na nakala ya faili lake, alishatafuta wa kumtafsiria, akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Nani aliandika hivi?"

"Mimi."

Nilijua atanifungia mlango. Akavuta kiti.

"Kaa. Sasa nitakwambia tena, na safari hii utaandika."

Alianza upya, polepole, akiningoja kila nilipokwama. Kwamba tangu jana yake mtoto hakucheza tumboni. Kwamba aliniambia hivyo mara saba, alizihesabu. Niliandika kurasa mbili kwa Kihispania kibovu, akazisahihisha, akatia sahihi. Hakunisamehe, ndugu zangu, sitawadanganya. Alinifungulia mlango nikashuka ngazi.

Na hapo ndipo aibu yangu ilipozidi, kwa sababu kurasa hizi nimezificha kwenye droo miaka miwili. Niliogopa kufukuzwa. Niliogopa kukosa sherehe hii na hii saa. Wanangu, mnisamehe, hata ninyi sikuwaambia.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, naona umeacha kutabasamu, na una haki. Naomba faili lile lifunguliwe, kurasa hizi ziwekwe ndani, mbele ya mwandiko wangu. Naomba pia wodi ya wazazi iwe na mkalimani wa kupigiwa simu, na kabla hajapatikana, pasiwe na muuguzi wa kuandika kwamba mgonjwa hana malalamiko. Aandike kwamba hakumwelewa. Mkiniita kwenye kamati nitakuja, tena mapema.

Wenzangu, kwa miaka yote hii mmenibeba, nami nawashukuru kutoka moyoni. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msiondoke, msikilizeni yeye. Nimemtafsiri neno kwa neno, na anaanza hivi: "Nilimshika muuguzi mkono, nikamwambia mtoto wangu hachezi."