Sinki la Mlingoti

Isogeze hiyo simu, Kitinda, iweke hapa kifuani kwangu ufungue spika, maana ninayotaka kusema leo nataka dada yako ayasikie kutoka kinywani mwangu, asije akasimuliwa na nyinyi mkatia chumvi. Mkubwa, kaa. Mkwe wangu, na wewe njoo ukae ubavuni kwa mumeo, achana na hivyo vyombo, hakuna atakayeviiba. Mlingoti mwanangu, upo? Haya, tega sikio huko uliko, na nyinyi mlio hapa tegeni vilevile, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja, ya kurudia sina.

Kwanza msinitazame kwa macho hayo ya msibani. Mimi nimeridhika. Nimekuwa mwashi maisha yangu yote, nimejenga nyumba za watu ambazo sikuwahi kukaribishwa hata kuketi sebuleni, na uzeeni Mungu akanijalia kujenga yangu, kwa mikono yangu na kwa jasho la binti yangu, na sasa nalala ndani yake mvua inapiga juu na mimi chini mkavu. Sidaiwi na mtu. Walionikosea nimewasamehe wote, isipokuwa yule muuza mchanga, maana aliniuzia udongo akauita mchanga, na mwenyewe anajua.

Nyumba hii haikuja kwa mkupuo. Mlingoti alikuwa akipata siku yake ya kupumzika, huko anakomtunza mama wa watu, anakwenda kupanga foleni atutumie hela, kisha anapiga simu, na Kitinda anatoka mbio kwa wakala. Kwa wengine hela ikifika ni asante, simu imekatwa. Mimi nilikataa, nikasema mtoto hawezi kutuma jasho lake asijue limekwenda wapi. Kwa hiyo kila tulichonunua nilimpigia akisikie: mabati nikayagonga, mlango nikaufungua na kuufunga, bomba nikalifungulia maji yakamwagika wee, hadi marehemu mama yenu akanigombeza. Mwenzenu nyumba hii anaijua kwa masikio. Kulala humu hajalala hata usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye sinki, maana najua Mkwe ameshaongea na fundi aje alishushe. Usishtuke, ukuta huo nimeujenga mimi, najua unavyopitisha sauti. Mlingoti alinilalamikia mgongo, kwamba huko anaosha vyombo ameinama kutwa, na urefu wake ndio huo tuliompa jina kwa ajili yake. Nikamwambia hapa kwenu nitakuwekea la kimo chako, jipime. Futi hakuwa nayo, akajipima kwa shibiri kutoka sakafuni mpaka chini kidogo ya kiwiko, akanitajia. Na mimi na kichwa changu kigumu nikazipima shibiri hizohizo kwa mkono wangu huu, mkono wa mwashi, mpana kama sepetu. Humu ndani tuna fundi cherehani, futi inamning'inia shingoni tangu asubuhi, wala sikumwomba. Matokeo mnayajua: Mkwe anaosha vyombo amesimama juu ya kigoda, na wageni wanadhani tunaishi na majitu. Mmenicheka sana, na mimi nimecheka.

Lakini lisiguswe. Nitawaambia sababu, ila kwanza kuna jambo limenikaa kooni.

Mkubwa, wewe na dada yako hamsalimiani tangu siku ile ulipomwambia kuwa kazi yake ni kutuma hela tu, wenye kumuuguza mzee ni nyinyi, naye akakujibu kwamba bila hizo hela ungemuuguza na nini. Nilikuwa hapahapa kitandani nimefumba macho, nikasikia yote, na iliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Yeye anamwogesha mama wa watu ili mimi nipate dawa, na wewe unashuka kwenye lori hoi umechoka, unanibeba kwenda kuniogesha. Kazi yenu ni ileile moja, mnagombania nini? Sitaki niondoke mmenuniana. Sema naye, simu hii hapa.

Eeh. Umesikia, Mlingoti, kakako amekuita mdogo wangu. Mwamkie.

Eeh. Hivyo hivyo.

Nyumba ni ya Mlingoti, kila mtu alijue hilo. Mkubwa, vyumba vya nyuma ni vyako na mkeo na watoto, na dada yako amekubali, hakuna wa kuwatoa. Kitinda, chumba cha mbele endelea kushonea, na mwiko wangu wa kujengea na timazi yangu ya kunyooshea kuta nakuachia wewe, ucheke usicheke, ujifunze na vitu visivyokunjika.

Nipe maji. Kidogo tu.

Na kutuma, sasa basi. Mkubwa ana lori, Kitinda ana cherehani, mtakula mtakachopata, na mtu asimpigie dada yenu simu ya shida. Mlingoti, hela ya mwezi huu usiitume, dawa sizihitaji tena. Kata tiketi. Najua unachoogopa, kwamba ukiacha kutuma nyumba itaanguka. Nimeijenga mimi, mwanangu, haianguki. Ujana wako wote umetutumia sisi. Huo uliobaki njoo nao mwenyewe.

Ndiyo maana nasema sinki lisiguswe. Atakuja asimame pale kwa miguu yake, Kitinda ampime kwa futi, futi jamani, siyo shibiri, na Mkubwa ndiye avunje na kulijenga upya. Akinikuta nimeshazikwa, msimkimbize kaburini. Mpelekeni jikoni kwanza. Mimi nitangoja, sina haraka tena.

Msilie. Radhi zangu mnazo, nyote... hata muuza mchanga, basi, na yeye nimemsamehe. Mungu awaweke pamoja. Awape... awape mlango usiofungiwa ndugu.

Mkwe wangu, nenda jikoni. Panda kigoda chako, fungua bomba. Fungua lote. Kitinda, mfuate na simu.

Unayasikia maji, Mlingoti mama? Ni yako hayo.

Usifunge kwanza, Mkwe... bado anasikiliza.