Mpiga Besi wa Zamu ya Pili

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wengine ambao sura zenu naziona leo kwa mara ya kwanza, aliyelala hapa mbele ni mdogo wangu, na mimi ndiye dada yake mkubwa, nimepewa kazi ya kueleza maisha yake kwa kuwa nimebaki peke yangu kati ya waliokuwepo siku anazaliwa, kwa hiyo mwenye tarehe tofauti na zangu akae nazo.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Nyuzi Nne kwa sababu ya gitaa lake la besi, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba yetu, fundi wa mabehewa, na mama yetu, ambaye wakati huo alikuwa akifua nguo za mabwana wa stesheni. Alizaliwa na kichwa kikubwa na sauti nzito, mkunga akasema huyu si mtoto, huyu ni mzee aliyechelewa. Mimi nilikuwa na miaka minane, niko darasa la pili, nikatolewa shule ili nimbebe yeye, mama arudi kazini, na sikurudi tena darasani. Jambo hilo hatukuwahi kulizungumza yeye na mimi kwa miaka sabini, na leo pia silizungumzi, nalitaja tu ili mjue kwa nini mwandiko wangu ni mbaya na kwa nini nilikuwa na haki ya kumfokea.

Alianza shule ya msingi nyuma ya stesheni Januari 1957, akamaliza darasa la saba Novemba 1963, akafaulu hesabu na kuanguka katika mengine yote, mwalimu mkuu akaandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anagonga dawati. Kuanzia 1964 alikaa kwa seremala wa mtaani kujifunza kazi, na huko ndiko alikokuta gitaa bovu lililoletwa kutengenezwa na mwenyewe hakurudi kulichukua, akalitengeneza, akajifundisha, na seremala akamwambia baba kwamba mwanao atakuwa seremala mzuri siku atakayopata kiziwi wa kufanya naye kazi.

Tarehe 3 Juni 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, idara ya kushona soli, akapangwa zamu ya pili, inayoingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku, na katika zamu hiyo alidumu miaka ishirini na mitatu bila kuhamishwa, kwanza kwa sababu hakuomba, na pili kwa sababu ya bendi. Bendi hiyo waliianzisha Machi 1972 watu saba, wote wa zamu moja, wakaiita Bendi ya Zamu ya Pili, jina ambalo nilimwambia halina mvuto, akanijibu kwamba ndiyo saa tulizonazo, dada.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo ilipo habari yenyewe. Dansi hupigwa jioni, na hawa jioni walikuwa kazini. Mwenye ukumbi mkubwa wa mjini aliwaita mara tatu, akawasikiliza, akatikisa kichwa kwa utamu, kisha akawaambia njooni Jumamosi saa mbili usiku, nao wakamwambia saa mbili usiku tunashona viatu, akawaambia acheni viatu, wakamwambia wewe utatuvalishia watoto wetu? Basi wakapiga asubuhi. Kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba, katika kantini ya kiwanda, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, walipigia watu waliotoka kazi za usiku, wauguzi na magauni yao meupe, waoka mikate wenye unga kwenye nyusi, walinzi na virungu vyao, watu wa zamu ya tatu wenyewe, wakicheza na vikombe vya chai mkononi. Wapita njia waliochungulia dirishani walisema tazama wavivu hawa, saa nne asubuhi wanacheza dansi, na wavivu hao walikuwa wamemaliza saa nane za kazi huku wasemaji wakikoroma.

Mimi nimezisikia bendi zote za enzi zile, zile zenye mabango na suti za kufanana, na nawaambia bila kutia chumvi kwamba hakuna hata moja iliyowafikia. Bendi za usiku zilipigia walevi, na mlevi anacheza chochote, hata mlango ukigongwa. Hawa walipigia watu wenye usingizi, na awezaye kumchezesha mtu aliyekesha akiwa ameshika chai, huyo ndiye fundi. Kuna mlinzi mmoja alikuwa anacheza amefumba macho, nikadhani ni utamu, kumbe amelala, na miguu haikukosea hata hatua.

Alhamisi ya tarehe 17 Aprili 1975 fundi mitambo wa redio alikuja kantini akihema, amepokea vipaza sauti vipya, ameamriwa avijaribu asubuhi ile ile, na bendi zote za majina alizozifuata zilikuwa zimelala. Akawachukua saba hawa kwa gari la kubebea barua, wakarekodi nyimbo tisa, wakarudi mbio kazini. Kwenye boksi la kanda yule fundi aliandika alichotumwa kufanya, akaandika Majaribio ya Mitambo, basi, akaenda zake. Wimbo wa nne katika kanda hiyo, ule usio na maneno, unaoanza na besi peke yake, ndio huo mnaousikia kila siku saa saba kasoro dakika mbili mchana, kabla ya taarifa ya habari. Naona mnatazamana. Ndiyo, huo huo. Mmeokea nao, mmenyonyeshea nao, mmerekebishia nao saa zenu kwa miaka arobaini na nne, na hakuna mtangazaji aliyewahi kusema ni wa nani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Septemba 1976, saa tatu asubuhi, alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa hapa, mmoja wa wale wauguzi wa magauni meupe, ambaye alikuja kantini kunywa chai akabaki kwa sababu ya besi, hivyo ndivyo anavyosema yeye, mimi nilidhani ni kwa sababu ya viatu, maana alipata jozi tatu mwaka ule. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa 1977 ambaye ni fundi umeme, wa pili 1980, mwalimu wa hesabu, na wa mwisho 1986, dereva wa lori, na hakuna hata mmoja anayeweza kuimba.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Agosti 1991 na bendi ikafungwa nacho, kwa kuwa bila zamu hapakuwa na asubuhi ya kupiga. Marehemu alifungua kibanda cha kushona viatu mbele ya posta, redio ndogo juu ya rafu, na kila saa saba kasoro alikuwa akipunguza sauti ili asionekane anajisikiliza. Mteja akisema wimbo huu mtamu, mzee, hivi ni wa nani, alijibu ni wa kitambo.

Mimi uvumilivu wa namna hiyo sina. Februari 2017 nilikwenda mwenyewe redio, nikakaa kwenye benchi siku mbili, hadi mama wa maktaba ya kanda aliponiingiza. Akanieleza kwa adabu kwamba wanakuja wengi wenye kudai nyimbo, bibi, una ushahidi gani? Nikamwambia weka kanda uiache mpaka mwisho, msiikate kama mnavyoikata. Akaiweka. Wimbo wa tisa ukaisha, kanda ikaendelea kuzunguka, halafu sauti nzito ya kijana ikasema, "Jamani kusanyeni vyombo, zamu inaingia!" na mwanamke akajibu, "Subiri nivae kiatu, wewe!" Yule mama akanitazama, akauliza ni nani huyo, nikamwambia nilimbeba mgongoni.

Nikadhani kazi imekwisha, kumbe ilikuwa haijaanza. Ofisi ikatoa fomu ya kurekebisha kumbukumbu, na fomu hiyo ilikuwa na mstari mmoja wa jina la msanii. Marehemu akaandika Bendi ya Zamu ya Pili, watu saba, akapanga majina yote. Ikarudishwa. Karani akasema mzee, kompyuta inataka mtu mmoja, andika wewe, wimbo si unaanza na besi yako? Akajibu, "Basi ifundisheni, mimi nilifundishwa mashine nne." Fomu ilikwenda na kurudi mara tano kwa miaka miwili, na hapo nikiri mbele yenu kwamba mimi nilikuwa upande wa karani. Nilimwambia, "Weka jina lako, mjinga wewe, wanne wameshakufa, hawatakuja kukuuliza. Utazikwa kama mshona viatu." Alikwenda chumbani, akaleta gitaa, akaniambia, "Kaa hapo, dada," akapiga sehemu yake ya wimbo ule, peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, dakika nne nzima. Jamani, ilikuwa kama mtu anasogeza kabati chumba cha pili. Alipomaliza akauliza, "Huu ndio wimbo?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya, nenda ukawaambie."

Machi mwaka huu alianza kuvimba miguu, Mei madaktari wakasema ni moyo, akalazwa hospitali ya wilaya mara mbili, Julai na Septemba, na kuanzia tarehe 21 Oktoba hakutoka tena wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mimi nilikuwa nikitoka wodini naenda redio, nikitoka redio naenda wodini, hadi Ijumaa tarehe 1 Novemba mama wa maktaba alipochoka na sura yangu, akachukua kadi safi, akasema mtangazaji hasomi kompyuta, anasoma kadi, akaandika wapigaji wote saba kwa mkono wake. Jumapili nilimsomea marehemu kadi ile kitandani. Hakulia wala hakushukuru, alisema tu, "Gundi hapigi saksafoni, ni tarumbeta, karekebishe." Jumatatu nikaenda ikarekebishwa. Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini, ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanane, na dada mmoja.

Kadi inasema hivi, nami naisoma kama ilivyoandikwa. Wimbo wa Bendi ya Zamu ya Pili, kiwanda cha viatu. Gitaa la solo, Kisu, mkata ngozi. Gitaa la kati, karani wa stoo. Besi, Nyuzi Nne, mshona soli. Ngoma, Boksi, wa idara ya kufungasha. Saksafoni, dereva wa lori la kiwanda. Tarumbeta, Gundi, mbandika visigino. Manyanga na sauti, mama mkaguzi. Wawili kati yao wako hai na wako hapa, Gundi yule mwenye koti la kijivu, na mama mkaguzi mwenye mkongojo, ambaye ndiye aliyekuwa akitafuta kiatu. Simameni. Simama kabisa, mama, usinipungie mkono, umekaa nyuma ya watu wenye mabango muda mrefu wa kutosha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule wa zamu ya usiku aliyekuwa akimgeuza bila kumwamsha, tunawashukuru majirani kwa viti, maji na kuvumilia watoto wetu, mafundi viatu wa mbele ya posta waliofunga vibanda vyao leo, wafanyakazi wenzake wa kiwanda mliofika kwa miguu hiyo mliyonayo, na mama wa maktaba ya kanda, ambaye mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Fundi mitambo wa mwaka ule, popote alipo, hatuna ugomvi naye, vipaza sauti vilikuwa vizuri.

Redio iko hapa mezani na imewashwa. Leo kadi inasomwa kwa mara ya kwanza, na mtangazaji akiiruka, mimi njia ya ofisini kwake naijua kwa macho yaliyofumbwa. Zimebaki dakika tatu, kwa hiyo wenye simu wazizime, na asikilizwe kwanza, ndipo tumbebe. Mdogo wangu, watu wako wote saba wametajwa, pumzika kwa amani.