Msumari wa Picha ya Mahafali

Wasikilizaji wapendwa, wekeni kikombe cha kahawa chini kidogo. Leo tunamkumbuka fundi umeme. Fundi Yeshimebet Dagnachew, wa hapa hapa Gulele. Tulimzika Jumanne, wiki mbili zilizopita. Figo zilimshinda, siku tisa tu kabla ya binti yake Rekik kuhitimu uhandisi wa umeme. Alitaka kitu kimoja: aione picha ya Rekik, amevaa joho, ukutani sebuleni. Siku tisa tu, jamani.

Kwa Yeshimebet, picha ya joho haikuwa jambo dogo. Nalijua hilo vizuri, maana yote yalianzia nyumbani kwetu, na aliyekuwa pichani ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa namaliza chuo, wa kwanza katika uchochoro wetu. Mama yangu, Askale, ambaye watu humwita Etete kwa heshima, aliitundika picha yangu, kubwa kama dirisha. Kila mpita njia aliitwa ndani aione, hata wenye haraka zao. Mara soketi za upande wa jikoni zikafa. Zote nne. Karamu ya kunipongeza ni Jumapili, wageni mia na ishirini, na mitad, lile bamba la umeme la kuokea injera, limepoa kabisa.

Walikuja mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha soketi. Wa pili akazibadilisha tena. Wa tatu akasema ukuta wote ubomolewe. Mama akalia. Ijumaa asubuhi jirani akamleta Yeshimebet, miaka ishirini na miwili, na bisibisi ya marehemu baba yake mfukoni. Ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake.

"Huyu ndiye fundi?" mama akauliza. "Binti, mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua, Etete. Ndiye aliyeniambia nisiguse kahawa yenu mpaka umeme urudi."

Hakufungua soketi hata moja. Alipita na tesita tu, kile kipima umeme chenye taa. Soketi ya mlangoni, tesita ikawaka. Inayofuata, kimya. Akasimama katikati ya hizo mbili, akainua macho. Mimi huyo ukutani, nimekenua meno na joho langu.

"Soketi zilikufa lini, Etete?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Na picha hii mliitundika lini?"

Mama akaitazama picha. "Alhamisi hiyo hiyo. Lakini usiniletee mambo yako! Picha ya mwanangu ndiyo inaua umeme?"

"Picha haina kosa. Msumari ndio wenye kosa."

Mafundi watatu walikuwa wameiona picha ile. Walikuwa wamenipongeza! Hakuna aliyethubutu kumwambia mama aishushe. Yeshimebet alizima swichi kubwa, akaishusha mwenyewe, akaifuta vumbi kwa mtandio wake, akailaza kitandani taratibu. Akachimba plasta. Msumari ulikuwa umeukata waya kabisa. Akauunga vizuri, akawasha swichi. Saa sita mchana mama alikuwa anaoka injera huku akiimba, na fundi anakunywa kahawa.

Tangu siku ile Gulele haikumwita binti tena. Ilimwita Fundi. Mume wake, Ato Gashaw, ameniambia: "Akiingia nyumba ya watu, salamu mbili, kisha anakagua misumari. Hata harusini! Nilikuwa naona aibu." Akacheka, akafuta macho.

Jana nilikwenda kuwapa pole. Rekik, aliyehitimu juzi tu, alikuwa na picha yake ya joho mkononi, anatafuta pa kuitundika. Akakuta alama ndogo ya penseli ukutani, na pembeni yake mwandiko wa mama yake: "Hapa hapana waya. Pigilia bila woga, injinia wangu."

Alilia kwanza. Kisha akapigilia. Taa ya sebuleni haikutikisika hata kidogo.

Ato Gashaw, na wewe Injinia Rekik, poleni sana. Mnapewa pole na sisi sote hapa studioni, na kila nyumba ya Gulele inayowaka taa leo kwa mikono yake. Nanyi wasikilizaji wapendwa, watazameni walio ukutani kwenu, kisha muwakumbuke wasiopigwa picha waliowafikisha hapo. Yeshimebet hakuwahi kuvaa joho. Najivunia kwamba alipita kwetu.

Picha yangu bado iko kwa mama. Inaning'inia hatua mbili kushoto mwa tundu la msumari ule, pale pale Yeshimebet alipotuonyesha siku ile kwamba hapana waya.