Risasi ya Shaba Iliyochoka Njiani

Mzee Jicho hufika kijiweni kabla ya wote na huondoka baada ya wote. Wenzake hudhani ni kupenda kahawa. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kibanda cha fundi viatu, na asubuhi hiyo birika lilikuwa bado zito. Mzee Jicho ndiye mwenye kibali cha kupiga nguruwe pori wanaofukua mashamba. Juma lililopita alimpiga mmoja kwa risasi mpya za shaba, kutoka ng'ambo ya bonde, nguruwe akatokomea na jeraha lake. Jumamosi anatoka tena. Afisa wanyamapori amemwonya: akijeruhi mwingine, kazi atapewa mtu mwingine.

— Si mimi, ni risasi, alisema Mzee Jicho. Zile za zamani laini zilikuwa zinapasuka hata zikifika zimechoka. Hizi za shaba ni ngumu, zinataka kasi ndipo zichanue mwilini. Ukipiga kwa mbali, zinapita kama sindano kwenye kitambaa.

— Kumbe ulimdunga sindano! alidakia Redio, kinyozi wa jirani. Basi sasa hivi yuko dirishani zahanati anasubiri dawa.

— Tatizo ni wepesi, alisema Tani Kumi, dereva wa lori mstaafu. Lori tupu upepo unalichezea utakavyo. Na shaba ni hivyohivyo.

— Mbona ilimpata? aliuliza Redio.

— Upepo ulikuwa unaelekea kwake.

Fundi alitoa msumari mdomoni.

— Mnasahau shaba inapitisha umeme. Siku ile mawingu yalitanda. Radi ilinyonya nguvu yote ya risasi ikiwa hewani.

— Sasa umesema! Redio alipiga paja. Na nguruwe akapata taarifa mapema, manyoya yakasimama kama antena. Akabana pumzi, akawa mwembamba, risasi ikakosa pa kuchanulia.

— Nguruwe awe mwembamba? aliuliza Tani Kumi.

— Kwa woga, kaka. Hata wewe hupungua shemeji akikuita jina lako lote.

Benchi lilitikisika kwa vicheko. Mzee Jicho alicheka nao, huku kiganja kikisugua goti polepole, kama anayefuta vumbi. Kadiri walivyoisema risasi, ndivyo alivyotulia.

Mwisho wa benchi alikaa dada mmoja mgeni, mguu peku, akisubiri kiatu chake kishonwe.

— Samahani wazee wangu, mimi bunduki siijui. Kama risasi inachoka ikitoka mbali, kwa nini mzee hakumsogelea nguruwe?

Tani Kumi aliinamisha birika, likatoa tone moja. Fundi alimpa dada kiatu chake. Akashukuru, akaenda zake.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Mzee Jicho alingoja wenzake watangulie, kama siku zote. Safari hii hakuna aliyeinuka.

— Redio.

— Naam, mzee.

— Lete bega.

Alipomwinua, goti lililia, wote wakasikia. Hakuna aliyecheka.

— Jumamosi natoka na wewe, alisema Tani Kumi, akitazama barabarani. Gia ya kwanza, mdogomdogo, mpaka uone kope za nguruwe.

— Wewe na pumzi hizo za lori? Atatusikia.

— Nitazima injini, mzee. Wewe shika bega tu.