Maisha ya Dada Ekua na Bustani ya Relini

Ndugu wafiwa, majirani, na nyinyi wazee wa reli mliokuja na sare zenu, mimi ni Kobina, mdogo wake marehemu.

Ekua Bentsil alizaliwa Jumatano, tarehe 10 Machi 1948, hapa Sekondi, nyumba ya tatu kutoka relini, akasoma shule ya Wamethodisti hadi mwaka 1964, mwaka 1967 akaajiriwa kukata tiketi stesheni, na mwaka 1971 akaolewa na Kojo Acquaah, fundi wa mabehewa, aliyemtangulia mwaka 1999, wakajaliwa watoto wanne, wote wako hapa.

Treni ya mwisho ilipita mwaka 1996, reli ikageuka jalala, nyoka na mbuzi wakaligawana, mpaka mwaka 2003 dada alipoanza kufyeka peke yake nyuma ya nyumba, tukamcheka, jirani akamwuliza, “We Ekua, unaisubiri treni?” Wakamfuata wanawake wa mtaa, kisha wastaafu wa reli, mwishowe halmashauri, na bustani ilipofunguliwa tarehe 6 Machi 2009, jamani, penye jalala pamesimama miti ya kivuli na bembea za watoto, mataruma ya reli yamekuwa viti, na watu wa mtaa huu, ambao hatupumziki mpaka tuumwe, wameketi tu wakitazamana. Na yote hayo yalianza na panga la mwanamke mmoja.

Sharti lake lilikuwa moja, bustani isifungwe kwa shughuli ya mtu yeyote, na sisi Wafante mnatujua kwa matanga. Mama yetu alipofariki mwaka 2013, mjomba Kwamena, mkuu wa ukoo, alitaka turubai zifungwe humo, dada akamjibu mbele ya wazee, “Mjomba, mama hatacheza bembea. Wa kucheza wapo, uwapeleke wapi?” Mjomba akamnunia miaka miwili.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, figo zikafuata, na alfajiri ya tarehe 2 Februari 2019 akatutoka. Halmashauri ikatutolea bustani nzima tumpe heshima za mwisho humo, tukashangilia, hadi mjomba huyo huyo aliposimama na fimbo yake, “Mkiifunga leo kwa Ekua, kesho kila tajiri ataifunga. Halafu yule namjua, atafufuka atutimue.” Ndiyo maana tumeketi hapa barabarani, juani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa stesheni.

Dada, watoto wanapiga kelele kwenye bembea mpaka tunawasikia huku, na hakuna aliyethubutu kuwanyamazisha. Pumzika kwa amani.