Gastroenteritis Nililibangua Kama Korosho

Wakubwa zangu wa darasa jipya, shikamooni. Wadogo, marahaba kabla hamjaniamkia!

Mnaniona na tai. Mwaka juzi, katika darasa hilihili la jioni hapa Masasi, nilitoka mbio, na kama si giza ningefika Nanganga.

Nilitaka niwe mhudumu wa afya kijijini kwetu Chiwata. Sharti lilikuwa usimame mbele ya wenzio, utamke jina la ugonjwa kwa Kiingereza na ueleze maana yake. Ukishindwa, nafasi anapewa mwingine. Mimi nikapangiwa gastroenteritis. Ndugu zangu, nawaambia, lile si neno, ni treni! Nikasema "gasi", nikasema "toro", ulimi ukagoma. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Baba Zuhura, shusha abiria, gari limekufa!" Walicheka mpaka bati likatikisika. Ndipo nikakimbia.

Mwalimu akanitumia salamu: nafasi yangu anaishikilia mpaka Ijumaa, basi.

Nikajifungia nyumbani, nabangua korosho kwa nyundo na kwa hasira. Mke wangu akaja juu. "We Baba Zuhura! Unagonga kila mahali, nani atanunua chenga hizi? Tafuta mshono, gonga hapo tu!"

Nikagonga penye mshono. Ganda huku, korosho nzima huku. Mkono ukabaki hewani. Kumbe yale aliyotufundisha mwalimu ndiyo haya! Neno nalo lina mishono: gastro, tumbo, enter, utumbo, itis, kuvimba kwa maumivu. Na nyundo inaangukia silabi moja tu, nyingine unazigusa.

"Mama Zuhura, nimeipata gastroenteritis!"

Akaruka nyuma. "Mungu wangu! Tangu lini?"

Ijumaa nikasimama mbele ya wenzangu. Gas-tro-en-te-RAI-tis! Nadhani mbuzi wa Newala waligeuka. Yule mzee akadakia, "Rudia, umebahatisha!" Nikarudia, nikalipasua vipande, nikaeleza kila kimoja. Mzee mwenyewe akanibeba mgongoni kuzunguka darasa.

Mwalimu, ahsante kwa kuishikilia nafasi. Mzee wangu, ahsante kwa mgongo. Mama Zuhura, wewe ndiye mwenye nyundo.

Leo mtoto akitapika na kuhara Chiwata, mimi ndiye ninayeitwa, namwahisha zahanati. Kesho nanyi mtapewa maneno yenu. Msiyameze na maganda, na mlango ule msiutazame. Haya, simameni, nyundo juu, twende pamoja: gas-tro-en-te...