Courant Ikirudia, Anapumua

Bandugu yangu ya shirika, benye tunasali pamoja, mbele nianze, naomba muntu mumoja azime ile ventilateur, feni yetu. Najua kuko joto. Munisamehe, kwa mwisho mutajua juu ya nini.

Mi natumika kazi ya kuchapa makaratasi pale mu mutaa ya Hewa Bora, bengi benu munanijua. Ile hamujue ni kama niko pia mu kikundi ya bantu benye banatengeneza programu ya bure, ya kusaidia muntu wa kawaida aandike kitabu ya maelezo: ginsi ya kutumia pompe ya maji, ginsi ya kuchunga dawa. Bosi hakuna. Kila muntu anachunga nakala nzima kwa nyumba yake, na historia yote ya ile tulibadilisha tangu mwanzo. Nyumba moja ikiungua, kazi haipotee. Ukitengeneza kintu, unaandika neno fupi ya kusema ulifanya nini, unatuma, mwenzako anasoma, anakubali.

Mwenzangu wa kusoma alikuwa kijana wa Naviundu. Aliniita Yaya, ni kusema dada, juu mi mukubwa. Kichwa yake ilikuwa nguvu, musicheke, tuliweza kubishana muchana muzima juu ya nukta moja. Sehemu ya kufundisha bantu bapya ilikuwa mu mikono yake, na bila ile sehemu kitabu yetu haina mulango. Akagonjwa malaria, akafwa. Nililala kwa kilio, kwa matanga yake, nikamulia sawa ndugu ya tumbo moja. Ile sehemu nikasema basi, imeenda naye.

Kisha maziko, muchana mumoja niko natumika, kintu inaingia. Jina yake. Ukurasa wa ile sehemu, umeandikwa muzuri, na tarehe ya ile siku. Neno fupi lilisema: "Yaya, soma pole pole."

Bandugu, nabaambia: Mi mwenyewe nilimuona mu sanduku.

Kisha ikaingia ingine: "Yaya, hapa nilikosa, nimetengeneza." Haikukuwa na saa yake. Iliweza kunyamaza mpaka unaanza kuwaza imeisha, halafu inaingia. Nilisema pengine kuko mwizi wa jina. Lakini ile namna ya kuandika, zile nukta, ilikuwa yeye. Niliona ananiita. Nikaacha kukula, nikaacha kuya hapa. Mulinitumia bantu, nami nilijificha ku chumba, nabasikia banabisha hodi. Bwana yangu nilimudanganya ni tension ya damu.

Njo nikaondoa jina yake kwa bale beko na ruhusa ya kutuma. Niliwaza nitapumua. Kumbe nilifunga mulango, yeye akabakia inje anapiga hodi, juu seva yetu ilianza kuniandikia: jina yake, amekataliwa. Jina yake, amekataliwa. Ile ilinitisha kupita ya mbele.

Siku ya Mungu moja, kisha misa, nikaenda kwa mama yake, kule Naviundu. Sikujua nitasema nini. Nilimukuta kwa baraza, kiti ameigeuza, mugongo kwa nyumba. Nilimuuliza habari ya usingizi. Akaniambia:

"Binti yangu, usiseme kwa bantu. Mutoto eko anapumua mu chumba yake. Courant ikirudia, anaanza. Ikienda, ananyamaza."

Ile chumba ilikuwa imefungwa tangu kilio. Munajua kwetu, bintu ya marehemu haiguswe mpaka siku ya kumaliza kilio. Ufunguo aliufunga mu pembe ya kikwembe yake, ile kitenge alijifunga. Nikamuambia na yangu yote. Akakamata mukono yangu, tukaikala vile, tunangojea courant, juu umeme ilikuwa imekatika.

Ikarudia. Nami nikasikia. Inaanza pole, inapanda, sawa muntu mwenye ametoka kupanda mulima. Nilitaka kukimbia. Mama alifungua kile kifundo cha kikwembe.

"Kama ni yeye, ni mutoto yangu. Tuingie."

Ndani kulikuwa giza na vumbi, na juu ya meza taa moja ndogo ya kijani. Ilikuwa ordinateur, kompyuta yake ya zamani, imebakia ku courant. Betri ilikufwa zamani, kwa hiyo inaamka na courant, inalala na courant. Ile pumzi ilikuwa ventilateur ya ndani. Nikaifungua, nikaona yeye mwenyewe aliipanga, juu ya kupunguza mégas, ile feza ya internet: kila ikiamka, inatuma ukurasa mumoja kwa internet ya jirani, na inaandika tarehe ya kutuma, haiko tarehe ya kuandika. Yote aliandika mbele ya kugonjwa. Na kurasa zilizobakia zilikuwa bado mu mustari, zinangojea mulango yangu. Nililia pale pale chini ku simenti.

Nikarudisha jina yake. Zikaingia zote, moja moja, mpaka ya mwisho: "Yaya, imeisha. Sasa ni weye wa kusoma." Leo bantu bapya wanaingilia mu ile sehemu.

Namushukuru ule mama. Nabashukuru ninyi benye mulibisha na sikufungua, na benzangu wa mbali benye walisoma zile kurasa pamoja nami. Ile nilijifunza ni hii: kazi yetu kila muntu anachunga nakala nzima, ni vizuri. Woga hapana. Mi na ule mama tulichunga woga mumoja, kila muntu wake muzima kwa nyumba yake, karibu utumalize. Ukisikia kintu, enda useme.

Nilitaka kuizima ile mashini. Mama alikatala. Courant ikirudia, anabeba kiti yake, anaingia, anaikala karibu. Nikiwa kule, naikala naye, tunasikiliza.

Basi, muwashe ventilateur.